Switch 2: Tutacheza Wawili, au Kila Mtu na Yake?

Dakika mbili na ushee, basi! Hiyo ndiyo video ambayo Nintendo waliiachia dunia tarehe 16 Januari 2025 kututambulisha mashine yao mpya ya gemu ya mkononi, Switch 2. Tuliisubiri weee, karibu miaka minane tangu ile ya kwanza iingie madukani Machi 2017, na walipoileta hawakusema bei, wala siku kamili ya kutoka. Muziki unapigwa, mashine inazunguka hewani, pedi zake zinajipachika pembeni zenyewe, kidogo tunaonjeshwa mbio za Mario Kart mpya, kwisha habari. (Nikisema pedi namaanisha za kuchezea gemu, shosti, usianze.)

Wapenzi wa gemu walikesha wanairudia picha kwa picha: kile kitufe kipya ni cha nini, ile miguu ya nyuma inasimamaje, pedi imelazwa ubavu inateleza kama mausi ya kompyuta, ina maana gani? Na mimi nilikuwemo. Lakini kilichonikaa kichwani ni kingine kabisa. Kwenye video nzima hakuna mtu. Hakuna mkono, hakuna sura, hakuna anayecheka. Mashine peke yake!

Sasa rudi nyuma mpaka Oktoba 2016, video ya Switch ya kwanza. Ile imejaa watu mpaka basi. Yupo kijana anayecheza sebuleni, kisha anaichomoa mashine anatoka nayo na mbwa wake. Yupo abiria kwenye ndege. Wapo vijana kwenye uwanja wa kikapu. Halafu yupo yule dada anayeichukua mashine yake anakwenda nayo kwenye pati juu ya paa la ghorofa, wenzake wanajazana. Ujumbe ulieleweka hata kwa asiyejua gemu: hiki kitu ni cha kuchezea na mtu.

Najua unauliza, hayo yanahusu nini kurasa zetu za mapenzi na maisha? Yanahusu sana. Lile lalamiko unalijua, na huenda umeshalitoa mwenyewe: akishashika gemu, hata nyumba iungue hasikii. Na kwenye kesi hizi mashine ya mkononi ndo mshtakiwa namba moja, maana gemu ya kwenye TV angalau wote mnaiona. Ya mkononi ina kioo kidogo, na mwenye kioo ni mmoja. Shingo imeinama, mgongo umekugeukia, unaongea na kisogo.

Nipe mimi, ushakufa!

Sisi tuliokua miaka ya tisini mwishoni tuliianza na Brick Game, ile ya kupanga matofali, iliyoandikwa kwamba ina gemu 9999 wakati ukizifuatilia ni zilezile zinajirudia kwa spidi tofauti. Anacheza mmoja, wanne wamemzunguka wanamdai zamu. Wenzetu wa mbali walikuwa na Game Boy tangu 1989, na ile ilikuwa na waya wa kuunganisha mashine mbili mkacheza pamoja. Safi, ila kila mtu alitakiwa awe na yake. Raha ya wawili kwa gharama ya wawili.

Ndo maana mimi Switch ya kwanza niliizimikia mapema. Unavuta pedi ya kushoto, unavuta ya kulia, unampa mwenzio moja, unasimamisha kioo mezani, mnaanza kugombana. Kitu kimoja, boksi moja, watu wawili. Hakuna cha "ngoja nikanunue pedi ya pili". Kwa wanaokumbuka vibanda vya gemu vya mtaani, pale ambapo raha yenyewe haikuwa gemu bali yule uliyekaa naye benchi moja ukimfunga na kumzomea, Nintendo walikuwa wamekiingiza kibanda kwenye mkoba. Switch ile iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na mimi siamini kwamba ni kwa sababu ya ukali wa picha zake, maana kwa picha ilikuwa nyuma ya wenzake tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo nilipoona video ya 2025 haina hata kidole cha binadamu, nilijiuliza: je, wamebadilisha mawazo?

Kitufe cha C

Jibu lilikuja tarehe 2 Aprili 2025, kwenye onyesho la saa nzima hivi. Safari hii watu walikuwepo, tena wengi. Ila walikuwa wapi? Ndani ya kioo! Kile kitufe kipya kina herufi C, na kazi yake ni kufungua maongezi: mnaongea huku mnacheza, mpaka watu 12 kwa sauti, na kamera ikiwepo mnaonana sura mpaka wanne. Kila mtu anaweza kuwaonyesha wenzake anachocheza, hata kama mnacheza gemu tofauti. Picha za wenzako kwenye onyesho lile zilikuwa zinakatikakatika, sitakudanganya, lakini sura ya mtu anayeshangilia goli inaeleweka hata ikikatika.

Umeona tofauti? Ile ya 2016 ilisema, mlete mwenzio akae hapa. Hii inasema, mwenzio yuko mbali, tukuletee sura yake.

Kwanza nilinuna. Kisha nikawafikiria wale ambao mwenza yuko Muscat au Dubai kwa mkataba wa miaka miwili, na maongezi ya simu yameshakuwa yale yale kila usiku: umekula? watoto wamelala? haya, usiku mwema. Simu ya mapenzi ya mbali ina tatizo moja kubwa, inawadai muwe na cha kusema. Gemu haidai. Mnaweza kukaa dakika ishirini mnafukuzana kwa magari ya katuni, mtu anatukanwa kidogo, anachekwa, na kumbe ndo mmeongea. Saa yao na yetu zimepishana moja tu, muda wa kucheza haukosekani. Kwa watu hawa kitufe cha C si urembo.

Tatizo liko kwenye mahesabu. Kitufe hicho kiko kwenye Switch 2 tu, ya kwanza haina, kwa hiyo kama mnataka kuonana mkiwa mbali mnahitaji mashine mbili mpya. Kamera inauzwa pembeni, ilitangazwa kwa takriban dola 50. Maongezi yenyewe yalitolewa ofa ya bure mpaka 31 Machi 2026, baada ya hapo ni lazima uwe mwanachama wa kulipia wa huduma yao ya mtandaoni. Na ukiwa na mtoto wa chini ya miaka 16, hawezi kuitumia mpaka mzazi aruhusu kupitia programu ya kwenye simu, jambo ambalo nawapigia makofi.

Nilipoishika

Mashine ilitoka rasmi tarehe 5 Juni 2025. Mimi niliishika mwezi uliofuata, baada ya binamu yangu kurudi kutoka Dubai nayo kwenye begi la mkononi, amelifunga kitambaa kama kichanga.

Jamani, ni kubwa! Kioo kimetoka inchi 6.2 za ile ya kwanza hadi 7.9, na bado unene ni uleule wa milimita 13.9. Picha imekuwa kali na inateleza. Uzito umepanda, sasa ni kama gramu 534 na pedi zake, wakati ya kwanza ilikuwa karibu gramu 400. Ukiwa umelala chali unaishikilia juu ya uso, baada ya robo saa mikono inaanza kukuuliza maswali.

Pedi zinakamatwa kwa sumaku. Unaisogeza karibu, inarukia yenyewe, "tap!". Kuitoa unabonyeza kitufe cha nyuma. Niliitoa na kuirudisha mara kumi huku binamu ananiangalia kwa jicho baya. Na zimekuwa ndefu kidogo, vitufe vya ubavuni ni vikubwa, kwa hiyo ukimgawia mume mwenye vidole vya fundi seremala hatalalamika kama zamani. Ule mchezo wa mausi nao upo kweli: unailaza pedi ubavu juu ya meza, au hata juu ya paja lako mwenyewe, unateleza nayo. Kuna gemu yao ya kikapu cha viti vya magurudumu, Drag x Drive, iliyotoka Agosti 2025, ambayo unasukuma magurudumu kwa pedi mbili, moja kila mkono. Ukimaliza umetoka jasho.

Ila betri inaudhi. Wenyewe walitangaza saa 2 mpaka 6 na nusu kutegemea gemu, na gemu nzito zinakuvuta kwenye hizo mbili. Umeme ukikatika jioni, raha yako ina mwisho unaojulikana.

Halafu kuna vile vijiti vya kuongozea. Waliokuwa na Switch ya kwanza wanajua ugonjwa wake, kijiti kinajisogeza chenyewe hata hujakigusa. Malalamiko yalikuwa mengi mpaka rais wa kampuni, Shuntaro Furukawa, akaomba radhi mwaka 2020. Watu wakatarajia safari hii vitakuja vijiti vya sumaku visivyochakaa kwa kusuguana. Aprili 2025 kampuni ikathibitisha kwamba sivyo, ingawa wanasema vimesanifiwa upya. Hapo nasubiri kuona vikitimiza miaka.

Twende kwenye hela

Bei waliyoitangaza Marekani ilikuwa dola 449.99, wakati ya kwanza ilianza na 299.99. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni moja, bado hujagusa usafiri wala ushuru. Mario Kart World peke yake dola 79.99, ingawa ukiichukua pamoja na mashine boksi lilikuwa dola 499.99. Siku ileile ya onyesho Trump naye akatangaza ushuru wake, na oda za mapema za Marekani zikasogezwa kutoka 9 Aprili mpaka 24. Watu walinung'unika, kisha wakanunua: zaidi ya milioni 3.5 kwa siku nne za kwanza, na kufikia mwisho wa Septemba 2025 zilikuwa zimepita milioni 10.

Sasa wewe mjanja wa kuagiza vitu Japani, nisikilize vizuri. Ni kweli kule ilitangazwa kwa yen 49,980, bei nafuu kuliko kwingine. Lakini hiyo ni ya Kijapani tu! Lugha ya mashine ni Kijapani, na akaunti lazima iwe ya Japani. Yenye lugha nyingi waliiuza yen 69,980. Tumezoea kuendesha magari ambayo redio yake inatusalimia Kijapani, hilo halituui, lakini gemu ya maelezo kurasa mia ni habari nyingine.

Na angalia boksi la gemu kabla hujalipa. Baadhi ya kadi hazina gemu ndani, zina ufunguo tu, gemu yenyewe unaipakua mtandaoni. Umenunua kadi kwa hela yako halafu unanunua tena bando la kuifuata! Kadi ya kuongeza nafasi nayo si ile ya simu yako ya zamani, inataka microSD Express, na hizo bei yake imechangamka. Mashine ina GB 256 za kuanzia, ya kwanza ilikuwa na 32, kwa hiyo utavumilia kwa muda.

Mimi na mume wangu tumeamuaje

Sisi tunaishi nyumba moja, kochi moja. Switch yetu ya kwanza bado inafanya kazi, pedi ya kushoto ina ule ugonjwa kidogo na kila anayefungwa anaisingizia. Kwa watu kama sisi, kitufe cha C hakina cha kuniambia, mtu ninayetaka kumuona sura akifungwa yuko sentimita thelathini kutoka kwangu.

Kinachonivuta ni kitu ambacho kwenye onyesho la Aprili kilipita harakaharaka: mwenye Switch 2 anaweza kumgawia gemu yake mtu aliye chumba kimoja naye, hata kama huyo ana Switch ya zamani, na hata kama hajainunua. Si gemu zote, ni zile zilizoruhusiwa. Lakini maana yake nyumba yenye mashine ya zamani inahitaji mpya moja, siyo mbili, na kila mtu anapata kioo chake bila kuhama kochi. Kwa hiyo tumefungua kibubu, tunaweka elfu hamsini hamsini kila mwezi, hatuna haraka. Tulichobakiza kugombania ni nani atakaa na mpya na nani abaki na ya zamani yenye pedi mbovu, na hapo mpaka naandika hivi hakuna aliyelegeza kamba.