Kununua, Kuonja na Kutunza Majani ya Chai Katika Hewa ya Pwani

Mkoa wa Tanga ni miongoni mwa mikoa michache ya nchi yetu inayolima chai. Wajerumani walipoanzisha kituo cha utafiti wa kilimo huko Amani mwaka 1902, mche wa chai ulikuwa miongoni mwa mimea iliyojaribiwa. Hadi leo mashamba yake yanaonekana Kwamkoro na Bulwa wilayani Muheza, na upande wa pili wa milima, katika maeneo ya Lushoto, Bumbuli na Korogwe. Ingetarajiwa basi kwamba mkazi wa Ngamiani au Pangani, anayeishi chini ya milima hiyo, anakunywa chai iliyo bora kuliko ya wengi. Mara nyingi sivyo. Chai inayotoka kiwandani ikiwa njema huweza kupoteza uzuri wake wiki chache tu baada ya kufika pwani, na mtumiaji hulipa bei ya chai nzuri kwa majani yaliyokwisha nguvu.

Sababu yake ni unyevu. Kiwandani, majani mabichi hunyaushwa, hukatwa, hurarululiwa na kusokotwa kwa mashine, kisha huachwa yakutane na hewa mpaka rangi ya kijani igeuke kuwa ya shaba, na mwishoni hukaushwa kwa hewa ya moto. Kilo 4 hadi 5 za majani mabichi hutoa kilo 1 tu ya chai kavu, na unyevu unaobaki ndani yake ni karibu asilimia 3. Kitu kikavu namna hiyo hufyonza maji yaliyomo hewani, na hewa ya pwani ina maji tele, hasa wakati wa masika. Pamoja na unyevu, chai hufyonza harufu. Ikiwekwa kwenye rafu moja na sabuni, mafuta ya taa, dagaa au ng'onda, haichukui muda mrefu kabla ya kuanza kunuka hivyo hivyo.

Dukani

Tunamshauri mnunuzi aanze kwa kuangalia mahali kabla ya kuangalia bei. Je, chai imepangwa mbali na sabuni na mafuta? Je, pakiti zimekaa juani, mbele ya duka, zikififia rangi? Pakiti iliyofifia imekaa sana, hata kama tarehe yake haijapita. Kisha asome maandishi: jina na anwani ya mtengenezaji, uzito halisi bila ya kifungashio, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Kati ya pakiti mbili zinazolingana, achukue ile iliyotengenezwa karibuni. Tarehe ya mwisho wa matumizi huhesabiwa kwa pakiti iliyofungwa vizuri. Haisemi lolote kuhusu pakiti iliyotobolewa na panya au iliyoachia gundi.

Neno moja limewasumbua wengi nalo ni "vumbi". Katika biashara ya chai, majani yaliyokaushwa huchekechwa na kupewa madaraja kwa ukubwa wa punje. BP1 ni punje kubwa, PF1 ni ndogo zaidi, PD na D1 ni laini kama unga. Hizo za mwisho huitwa vumbi, lakini si taka wala si mafagio ya kiwandani. Ni chai halali inayotoa rangi na nguvu upesi, na yenye kuwafaa sana wanaopika chai kwa wingi. Kinachopaswa kutiliwa shaka ni wingi wa nyuzi na vijiti vyekundu-hudhurungi. Hivyo ni mabaki ya mabua ya jani. Huongeza uzito lakini katika kikombe hutoa kidogo sana.

Chai ya kupimwa, inayouzwa kutoka kwenye gunia au ndoo, si mbaya kwa sababu tu haina pakiti. Ubaya wake ni kwamba imekaa wazi, na hakuna ajuaye tangu lini. Mnunuzi aombe kuishika. Chukua punje chache, zisugue kati ya vidole: chai kavu hukwaruza na kuvunjika, iliyonyonya unyevu hulainika na kunata. Inuse. Ikiwa ina harufu ya gunia, ya uvundo, au haina harufu kabisa, iache.

Katika biashara ya chai duniani kunajulikana pia udanganyifu wa kukausha upya majani yaliyokwisha kutumika na kuyatia rangi. Jaribio lake ni jepesi. Nyunyiza punje chache juu ya karatasi nyeupe nene iliyoloweshwa kwa maji baridi. Chai safi hutoa rangi hafifu, polepole. Iliyopakwa rangi huacha madoa makali mara moja. Jaribio hili halitoshi kumshtaki mtu, lakini linatosha kuzuia ununuzi wa pili.

Kuhusu bei, tunapenda kueleza kwa mfano, na bei zenyewe ni za mfano tu. Pakiti ya gramu 250 kwa shilingi 3,000, ikiwa gramu 2.5 zinatosha kikombe, hutoa vikombe 100, yaani shilingi 30 kwa kikombe. Pakiti ya uzito huo huo kwa shilingi 2,500, lakini inayohitaji gramu 4 ndipo rangi ionekane, hutoa vikombe 62, na kila kimoja hugharimu shilingi 40. Mama lishe anayeuza vikombe mia kwa siku anaijua tofauti hii mfukoni mwake. Vifuko vidogo vya shilingi mia chache navyo huwa ghali kwa kila gramu, ila kwa pwani vina faida moja isiyodharauliwa: huisha kabla chai haijaharibika. Familia ndogo isione aibu kuvinunua.

Kuonja

Waonjaji wa chai hufuata kipimo cha kimataifa: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, kwa dakika 6, bila sukari. Nyumbani inatosha kutumia vikombe viwili vinavyofanana, kijiko kimoja kidogo cha chai katika kila kimoja, maji ya birika moja, na saa. Kuonja chai moja peke yake hakumfundishi mtu mengi. Ziwe mbili, ile uliyoizoea na ile unayotaka kuijua.

Jaribio lifanywe bila tangawizi, hiliki wala mdalasini. Hatuna neno baya juu ya viungo, ambavyo ni fahari ya meza ya pwani, lakini ndivyo vinavyoficha chai mbovu kuliko kitu kingine chochote, na tunaamini ndiyo maana chai mbovu inaendelea kuuzika kwetu. Anayekunywa chai ya rangi, au mkandaa kama wazee wanavyoiita kwa kufananisha wekundu wake na rangi ya magome ya mkandaa, ndiye anayeonja chai yenyewe.

Maji nayo yana sehemu yake. Maji ya bomba ya Jiji la Tanga hutoka bwawa la Mabayani, kwenye mto Zigi unaoanzia milima ile ile ya Usambara, nayo huifaa chai. Maji ya kisima ya maeneo mengi ya ufukweni yana chokaa au chumvi. Hutoa utando juu ya kikombe na kuifanya rangi iwe nzito na ya kufa. Kabla ya kulaumu majani, jaribu maji mengine.

Chai njema ina rangi nyekundu ya shaba, angavu, yenye mwanga hasa ukingoni mwa kikombe. Ina ukakasi, yaani ule mkazo unaokausha ulimi kisha ukaondoka. Ukakasi si uchungu, na wengi huvichanganya. Uchungu unaobaki kooni hutokana na kuchemsha majani kupita kiasi, au na majani duni. Chai iliyozeeka haina hata kimoja: ni bapa, rangi yake ni kahawia ya matope. Tazama na makapi. Yakiwa ya rangi ya shaba iliyo hai, chai ni nzuri. Yakiwa meusi na yamefifia, imekaa sana au ilikaushwa vibaya. Ukitia maziwa, chai yenye nguvu hubaki na rangi ya dhahabu inayoelekea wekundu; dhaifu hugeuka kijivu. Na ikiwa chai ya rangi ikipoa inafanya wingu, usiimwage. Wingu hilo ni dalili ya nguvu, na ukiipasha moto hutoweka.

Kutunza nyumbani

Pakiti ikishafunguliwa, yote ihamishiwe kwenye kopo la bati lenye kifuniko kinachobana, lililooshwa na kuanikwa juani mpaka likauke kabisa na lisiwe na harufu. Chupa ya kioo inafaa pia ikiwekwa kabatini, kwa maana mwanga huharibu chai. Lisikae juu ya jiko wala karibu na birika, ambako mvuke hupanda mara tatu kwa siku. Kijiko kiwe kikavu daima. Kijiko kimoja chenye maji kinatosha kuharibu kopo zima. Karafuu na hiliki zikae kwenye makopo yake. Jokofu hatulishauri: kopo linapotolewa katika baridi na kufunguliwa katika joto letu, maji hutunga ndani yake papo hapo. Kwa hali ya pwani, chai iliyofunguliwa tunashauri imalizwe katika miezi miwili, na wakati wa masika mapema zaidi.

Chai iliyoanza kulainika lakini haina ukungu inaweza kukaushwa kwenye sufuria kavu, safi, juu ya moto mdogo sana kwa dakika chache, huku ikigeuzwa. Itapata uhai kidogo, si wote. Yenye ukungu itupwe. Kuichemsha hakuondoi sumu ambazo baadhi ya ukungu huziacha.

Chai ambayo huzeeka

Yapo maelezo yanayozagaa, hasa katika matangazo ya mtandaoni, kwamba chai kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa bora. Ni kweli kwa chai chache tu, kama pu-erh, nazo siyo za pakiti ya dukani. Pu-erh hutoka jimbo la Yunnan nchini China, na kwa kawaida hushindiliwa kuwa mkate wa mviringo. Uzito uliozoeleka ni gramu 357. Pu-erh mbichi hukaushwa juani na kuachwa igeuke yenyewe kwa miaka; ikiwa changa, maji yake ni ya manjano na ukakasi wake ni mkali. Pu-erh iliyoivishwa hurundikwa ikiwa na maji kwa wiki kadhaa ili vijidudu viifanyie kazi, njia iliyokamilishwa mjini Kunming mwaka 1973. Hiyo huwa nyeusi kama kahawa, laini, yenye harufu ya udongo baada ya mvua.

Anayetaka kuionja na aionje, lakini anunue ya kunywa, si ya kuwekeza. Umri ulioandikwa kwenye karatasi hauthibitishiki kwa macho, na huko China kwenyewe bei zilipandishwa na walanguzi mpaka zikaporomoka mwaka 2007, wengi wakapoteza fedha zao. Kanuni ya kuitunza nayo ni kinyume cha tuliyoeleza: haifungwi kwa kubana, kwa kuwa inahitaji hewa kidogo ili iendelee kugeuka. Hewa hiyo ikiwa ya Tanga, yenye unyevu wa masika, mkate huota ukungu kabla haujazeeka. Ibakie katika karatasi yake, ndani ya boksi lisilo na harufu, mbali na ukuta na jiko, nayo ikaguliwe kila wiki. Madoa ya kijani, meusi au yenye manyoya ni ukungu, hata kama muuzaji atasema ni ukomavu. Na muuzaji anayeahidi kwamba chai, iwe hii au nyingine, itaponya kisukari au kuyeyusha mafuta ya tumbo, aombwe uthibitisho kwa maandishi.

Mtumiaji aliyeuziwa chai iliyoharibika au iliyochanganywa asiitupe pakiti. Aifunge pamoja na chai iliyobaki, ahifadhi risiti, aandike tarehe na jina la duka, kisha amrudie muuzaji kwanza. Asiporidhika, suala la ubora na usalama hupelekwa TBS, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo inayosimamia pia usalama wa chakula. Uzito pungufu ni kazi ya Wakala wa Vipimo, na maelezo ya uongo kwenye kifungashio au tangazo hushughulikiwa na Tume ya Ushindani. Namba ya toleo iliyoko kwenye pakiti ndiyo inayomwezesha mkaguzi kuzifuatilia pakiti nyingine za toleo hilo, kwa hiyo inakiliwe hata kama risiti imepotea.