Uhifadhi wa picha za dijitali na kasi ya kompyuta

Uhifadhi wa picha za dijitali ni kazi ya kupanga, kunakili na kutunza picha zilizopigwa kwa kamera au simu janja ili zisipotee na zipatikane zinapohitajika. Kazi hiyo inahusiana moja kwa moja na kasi ya kompyuta: picha na video hujaza diski haraka, na kompyuta ambayo diski yake imejaa huwa nzito, huganda na huchelewa kuwaka.

Kanuni ya msingi katika kazi hii ni kunakili kwanza na kufuta baadaye. Kompyuta nzito inaweza kutengenezwa au kubadilishwa, lakini picha ya harusi au ya mzazi aliyefariki haiwezi kupigwa tena.

## Katika Mchafukoge na Kariakoo

Mchafukoge ni kata ya Wilaya ya Ilala katikati ya jiji la Dar es Salaam, Tanzania. Iko katika sehemu ya mji iliyojulikana kama Uhindini wakati wa ukoloni. Viwanja vya Mnazi Mmoja vinaitenganisha sehemu hiyo na Kariakoo, mtaa wa soko ambao jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Maduka ya eneo hilo huuza kompyuta mpya na zilizotumika, diski, flashi, kadi za kumbukumbu na simu. Mtaa wa Aggrey huko Kariakoo unajulikana hasa kwa biashara ya simu. Zipo pia studio za picha za pasipoti, wapigapicha wa harusi, maduka ya kuchapisha na mafundi wa kompyuta. Kwa wengi wao, kompyuta moja ndiyo ofisi, duka na ghala la picha za wateja kwa wakati mmoja.

## Historia fupi

Kabla ya kamera za dijitali, studio zilitunza negativu katika bahasha na makasha. Huko Zanzibar, Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 inajulikana kwa picha zake za maisha ya visiwani katika karne ya 20. Jijini Dar es Salaam, mpigapicha Mohamed Amin (1943-1996) alianzisha kampuni ya Camerapix mwaka 1963, ambayo baadaye ilihamia Nairobi, Kenya. Negativu ilichukua nafasi, lakini ilionekana kwa macho na haikuhitaji umeme ili iendelee kuwepo.

Kamera ya kwanza ya dijitali ya kubebeka ilitengenezwa na mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak nchini Marekani mwaka 1975. Ilitumia sekunde 23 kuandika picha moja kwenye mkanda wa kaseti. Muundo wa JPEG, unaopunguza ukubwa wa faili la picha, ulikubaliwa kuwa sanifu mwaka 1992, na hadi leo ndio unaotumiwa zaidi.

## Sababu za kompyuta kuwa nzito

Kompyuta huwa nzito kwa sababu kadhaa, na mara nyingi zaidi ya moja hukutana:

* Diski iliyojaa. Mfumo wa uendeshaji huhitaji nafasi tupu kwa ajili ya faili za muda na masasisho. Inashauriwa kuacha walau asilimia 10 hadi 20 ya diski ikiwa tupu.
* Diski ya zamani ya kuzunguka. Diski ya aina hiyo hutumia sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na sindano yake hutafuta kila faili mahali lilipo. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, hivyo hufikia faili haraka mara nyingi zaidi.
* Kumbukumbu ndogo ya RAM. Kumbukumbu ikijaa, kompyuta huanza kutumia diski badala yake, na kazi zote hupungua kasi. GB 4 hutosha kwa kuandika barua, lakini programu za kuhariri picha huhitaji GB 8 au zaidi.
* Programu zinazojiwasha. Programu nyingi hujipanga kuanza pamoja na kompyuta hata kama mtumiaji hazihitaji.
* Joto na vumbi. Feni iliyozibwa na vumbi haipozi prosesa vizuri, na prosesa ikipata joto kali hupunguza kasi yenyewe ili isiungue.
* Virusi. Virusi vya flashi ni kero ya kawaida katika maduka ya kuchapisha. Aina moja huficha folda za mwenyewe na kuweka njia za mkato mahali pake. Mara nyingi faili huwa zimefichwa tu, hivyo kufomati flashi papo hapo ni kosa.

## Ukubwa wa picha

Picha ya JPEG ya megapikseli 12 kutoka simu janja huwa na ukubwa wa takriban MB 3 hadi 5. Picha ghafi ya muundo wa RAW kutoka kamera ya megapikseli 24 hufikia MB 25 au zaidi.

Hesabu ndogo inaonyesha jinsi diski inavyojaa. Mpigapicha akipiga picha ghafi 1,500 katika harusi moja, kila moja ikiwa na MB 25, atahitaji GB 37.5. Harusi 12 zitahitaji GB 450. Diski iliyoandikwa GB 500 huonyeshwa na Windows kuwa na takriban GB 465, kwa sababu watengenezaji huhesabu kwa 1,000 na Windows huhesabu kwa 1,024. Kwa hiyo mpigapicha anayepata harusi moja kwa mwezi hukaribia kuijaza diski hiyo ndani ya mwaka mmoja, kabla ya kuhesabu video.

Picha zinazorudiwa huongeza mzigo. Picha moja inaweza kuwa kwenye kadi ya kamera, kwenye folda ya mteja, kwenye eneo la mbele la kompyuta, na tena katika folda ya WhatsApp. WhatsApp hupunguza ubora wa picha zinazotumwa kwa njia ya kawaida. Picha ikitumwa kama hati, hubaki na ubora wake.

## Hatua za kuirudishia kompyuta kasi

Mafundi wengi nchini Tanzania hutibu kompyuta nzito kwa "kupiga Windows", yaani kufuta mfumo wa uendeshaji na kuuweka upya. Njia hiyo husaidia pale mfumo ulipoharibika, lakini huweza kufuta kila kilichomo kwenye sehemu ya diski iitwayo C. Folda za picha, nyaraka na eneo la mbele kwa kawaida zimo ndani ya sehemu hiyohiyo. Mteja anayesema "vitu vyangu viko kwenye D" anapaswa kuhakikisha kwa kufungua folda zenyewe kabla fundi hajaanza kazi.

Utaratibu ulio salama zaidi ni huu:

1. Kunakili picha na nyaraka zote kwenye diski ya nje, kisha kufungua baadhi ya picha kutoka diski hiyo ili kuthibitisha kwamba zimenakiliwa vizuri.
2. Kuangalia kinachotumia nguvu za kompyuta. Katika Windows, vibonye vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja hufungua orodha ya programu zinazofanya kazi na kiasi cha RAM, prosesa na diski kinachotumiwa na kila moja.
3. Kuzima programu zinazojiwasha na kuondoa zisizotumika.
4. Kufuta faili za muda, kumwaga pipa la taka la kompyuta na kuondoa picha zilizorudiwa.
5. Kusafisha feni na matundu ya hewa kompyuta ikiwa imezimwa.
6. Kupima virusi kwa programu ya kinga iliyosasishwa.
7. Kama bado ni nzito, kuongeza RAM au kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD. Kwa kompyuta nyingi zilizotumika, badiliko la diski ndilo linaloonekana zaidi.

Kupanga upya vipande vya faili kulifaa kwa diski za kuzunguka. SSD haihitaji kazi hiyo, na kuirudia mara kwa mara huimaliza bure.

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Baadhi ya watumiaji huhamia mifumo huria ya Linux.

## Kupanga picha

Picha zisizo na mpangilio hurudiwa kwa urahisi, na zinazorudiwa hujaza diski. Mpango rahisi ni folda ya mwaka, ndani yake folda ya tarehe na tukio, kwa mfano *2025-08-16 Harusi Upanga*. Tarehe ikianza na mwaka, kompyuta hupanga folda zote kwa mfuatano wenyewe.

Baada ya kazi, picha zilizotikisika au zilizofanana huondolewa. Mpigapicha wa biashara hukubaliana na mteja mapema kuhusu muda atakaotunza picha, ili zisiendelee kujaza diski miaka mingi bila mwenye kuzihitaji.

## Kanuni ya nakala tatu

Kanuni inayojulikana kama 3-2-1 ilienezwa na mpigapicha wa Marekani Peter Krogh. Inasema kuwepo nakala tatu za kila faili, kwenye aina mbili za vyombo vya kuhifadhia, na nakala moja iwe mahali pengine.

Sehemu ya mwisho ndiyo husahauliwa. Mfanyabiashara anaweza kuwa na kompyuta, diski ya nje na flashi, vyote katika droo moja ya duka moja. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021, moto uliunguza soko kuu la Kariakoo, jengo lililobuniwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka huko huko Kariakoo na kuua watu wengi. Maafa ya namna hiyo hugusa kwanza uhai na mali, lakini yanaonyesha pia kwamba nakala zilizo chini ya paa moja hupotea pamoja. Diski ya pili ikipelekwa nyumbani, Mbagala au Tabata, tayari ni nakala ya mahali pengine.

Hifadhi ya wingu hufanya kazi hiyo kwa njia ya intaneti. Akaunti ya Google hutoa GB 15 bila malipo kwa ajili ya barua pepe, nyaraka na picha kwa pamoja. Tangu tarehe 1 Juni 2021 picha mpya kwa kawaida huhesabiwa ndani ya kiasi hicho. Bando ni gharama ya kuzingatia: kupakia GB 37.5 za harusi moja ni jambo zito kwa wengi, hivyo baadhi hupakia picha zilizochaguliwa tu.

Usawazishaji si sawa na nakala. Picha iliyosawazishwa ikifutwa kwenye simu, inaweza kufutwa pia kwenye wingu na kwenye vifaa vingine vya akaunti hiyo.

## Hatari za kawaida

Flashi na kadi bandia. Baadhi ya flashi hurekebishwa ili zijitangaze kuwa na nafasi kubwa kuliko zilizo nayo. Kompyuta huonyesha terabaiti moja, lakini baada ya gigabaiti chache faili mpya hufuta za zamani au huharibika. Programu kama H2testw na F3 hupima nafasi halisi kwa kuandika data na kuisoma tena. Kipimo hicho kifanyike kabla ya kuweka picha yoyote.

Kukatika kwa umeme. Umeme ukikatika wakati wa kunakili, faili linaweza kubaki nusu. Kwa sababu hiyo kadi ya kamera haipaswi kufutwa mpaka nakala ithibitishwe.

Kufuta kwa bahati mbaya. Picha ikifutwa kwenye kadi, kadi iondolewe mara moja na isitumike tena, kwa kuwa data huwa bado ipo mpaka iandikwe nyingine juu yake. Programu huria ya PhotoRec huweza kuirudisha. Kwenye SSD uwezekano ni mdogo, kwa sababu diski hizo hujisafisha zenyewe baada ya kufuta.

Mpaka wa GB 4. Flashi yenye mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalofikia GB 4, hata ikiwa na nafasi. Video ndefu ya harusi huhitaji flashi ya exFAT au NTFS.

## Faragha

Kompyuta ya studio hubeba sura, majina na wakati mwingine nakala za vitambulisho vya wateja. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya taarifa za watu kuzilinda.

Kufuta kwa kawaida hakutoshi kabla ya kuuza kompyuta au diski. Diski ya kuzunguka hufutwa kwa kuandikwa data nyingine juu yake yote. SSD hufutwa kwa amri maalumu ya mtengenezaji. Diski iliyokufa ambayo haiwezi kufutwa huvunjwa kabla ya kutupwa. Kompyuta ikipelekwa kwa fundi, mwenyewe huweza kutoa diski na kubaki nayo ikiwa tatizo ni kioo, chaji au kibodi.