Kabla ya Viatu vya Mbio, Mtungi wa Maji

Aprili 13, 2014, Margaret Kenyatta, mke wa rais wa wakati huo, alikimbia marathoni ya London na kuimaliza kwa takriban saa saba. Mwezi mmoja kabla ya hapo alikuwa ameshiriki nusu marathoni jijini Nairobi. Hakukimbia ili ashinde. Alikuwa akichangisha pesa za Beyond Zero, kampeni aliyoizindua Januari mwaka huo ili kupunguza vifo vya akina mama wanaojifungua na watoto wachanga. Pesa zilizopatikana zilinunua kliniki za magari, na kila kaunti kati ya zote 47 ikapangiwa yake, Kitui na Makueni zikiwemo.

Kwa hiyo kule Ukambani, ziliko kaunti hizo mbili, mbio zilikimbiwa kwa niaba ya mama kabla ya yeyote kumuuliza mama mwenyewe atarudi kukimbia lini. Hilo si la kulaumiwa. Mtu huzima moto kwanza, rangi ya ukuta baadaye. Lakini miaka zaidi ya kumi imepita, na mtazamo ule ule umebaki katika karibu kila mpango uliomlenga mama wa kaunti hizi mbili: mpango unaanza kliniki ya wajawazito na kukoma kwenye mlango wa wodi ya uzazi.

Hebu tuiangalie orodha. Juni 2013 serikali ya kitaifa iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma. Baadaye huduma hiyo ikaitwa Linda Mama na kusimamiwa na bima ya taifa ya hospitali, NHIF, hadi Oktoba 2024 ilipohamia mfumo mpya wa bima, SHA. Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilianzisha MakueniCare mwaka 2016, ambapo familia ililipa Sh500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Miaka miwili baadaye hospitali ya mama na mtoto yenye vitanda 200 ikafunguliwa mjini Wote. Kitui nayo, enzi za Gavana Charity Ngilu, ilikuja na bima yake ya Sh1,000 kwa familia kwa mwaka. Mipango hii ilipanda na kushuka kwa kadiri ya bajeti na siasa, lakini kwa jambo moja ilifaulu: kujifungulia hospitalini kumekuwa jambo la kawaida. Kinachofuata baada ya hapo, yaani mwili wa mama kurudia nguvu zake, hakina mradi, hakina fungu la bajeti wala afisa wa kuuliziwa.

Mahali pazuri pa kuliona pengo hilo ni kliniki ya wiki ya sita. Mama anafika na kitabu chake cha afya ya mama na mtoto. Mtoto anavuliwa nguo, anatiwa kwenye mfuko unaoning'inia kwenye mizani, uzito unaandikwa, nukta inachorwa kwenye chati. Matone yanatiwa kinywani, sindano zinadungwa pajani, kilio kinapanda. Mama anapimwa presha, anaulizwa kama maziwa yanatoka na kama ameamua kuhusu njia ya kupanga uzazi. Nyuma yake benchi imejaa. Swali moja fupi kwa kawaida halimo katika mazungumzo hayo: ukikohoa au ukicheka, mkojo unakutoka? Muuguzi hana nafasi ya kuuliza, na mama anaona aibu kulianzisha. Anajibu kwamba yuko sawa, anamfunga mtoto mgongoni na kuondoka.

Swali hilo ndilo mlango wa kurudi mazoezini. Kibofu, mfuko wa uzazi na utumbo vimebebwa na misuli iliyotandwa chini ya nyonga kama kamba za kitanda. Miezi tisa ya uzito na saa za kusukuma huzilegeza kamba hizo, na hata aliyepasuliwa aliubeba uzito ule ule wa mimba. Misuli ya tumbo nayo huachana katikati na huchukua muda kukaribiana. Kila hatua ya kukimbia hutua kwa kishindo kinachozidi uzito wa mwili mara kadhaa, na kishindo hicho hushuka moja kwa moja kwenye kamba hizo.

Ndiyo maana mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2019 na wataalamu wa tiba ya viungo Tom Goom, Gráinne Donnelly na Emma Brockwell ulishauri mama asianze kukimbia kabla ya wiki ya 12. Kabla ya hapo kuna kazi ya kutosha: kuvuta pumzi na kukaza misuli ya nyonga, matembezi mafupi yanayorefuka polepole, kuinuka na kuketi kwa kutumia nguvu za mapaja. Wiki ya 12 ikifika, kuna vipimo visivyohitaji hata kifaa kimoja. Tembea dakika 30. Simama kwa mguu mmoja sekunde 10. Kimbia papo hapo dakika moja. Ruka kwa mguu mmoja mara 10, kisha badili. Kama hakuna maumivu, hakuna mkojo unaovuja wala hisia ya kitu kizito kinachoshuka, unaweza kuanza kukimbia kidogo na kutembea kidogo. Dalili hizo zikijitokeza, au damu ikirudi, punguza na umwone mhudumu wa afya. Aliyepasuliwa, mwenye presha au aliyepungukiwa damu apate kwanza ruhusa ya daktari. Kunyonyesha si kizuizi: mama amnyonyeshe mtoto kabla ya kutoka, anywe maji ya kutosha, na maziwa hayataharibika. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 2020, liliwashauri waliojifungua wasio na tatizo la kiafya kulenga angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki.

Kwenye karatasi, mambo yamenyooka. Tatizo huanza unapoichukua karatasi hiyo na kwenda nayo Wote, au Mutomo kule Kitui.

Karani wa Wote ana likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya 2007. Miezi mitatu ni wiki 12 na siku chache. Maana yake, wiki ile mwili wake unaporuhusiwa kuanza kukimbia ndiyo wiki anayorudi kazini. Alipokuwa na muda, misuli haikuwa tayari. Misuli ilipokuwa tayari, muda umekwisha. Sheria ya Afya ya 2017 inampa muda wa kunyonyesha au kukamua maziwa usiozidi saa moja katika saa nane za kazi, na anayenyonyesha anajua saa hiyo haitoshi hata hilo lenyewe. Jioni anakuta mtoto anamtaka, chakula hakijapikwa na giza linaingia. Akiamka alfajiri, atakimbilia pembeni mwa lami pamoja na bodaboda na malori. Si ajabu uzito wa ujauzito ukajikalia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya wanawake wanne kati ya kila kumi wa umri wa miaka 20 hadi 49 nchini Kenya wana uzito uliopita kiasi.

Mkulima wa Mutomo, au wa Kathonzweni kule Makueni, hana likizo hata moja. Kwake neno mazoezi linachekesha. Mto wa msimu umekauka, kwa hiyo maji yako chini ya mchanga. Anachimba kisima mchangani, anasubiri maji yajikusanye, anayachota kwa kata kidogo kidogo akiwa ameinama, na kujaza mtungi wa lita 20. Mwenye punda anampakia mitungi minne. Asiye na punda anaubeba mgongoni, mkanda wa mukwa ukipita kwenye paji la uso, kiuno kimepinda, kilo 20 zikisukuma chini pale pale palipolegea. Mwongozo unamtaka asikimbie kabla ya wiki ya 12, lakini mtungi haujausoma mwongozo. Majirani na mama mkwe humsaidia siku za mwanzo, kisha msaada unapungua na mzigo unarudi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Hapa ndipo miradi mingi ya mazoezi inapokosea tangu siku ya kuandikwa. Inamdhania mama kuwa mtu aliyekaa tu, anayehitaji kuhamasishwa ainuke. Mama wa kijijini ameinuka zamani, na mapema kuliko ilivyofaa. Anachohitaji kwanza ni kupunguziwa, ndipo aongezewe. Wa mjini anahitaji kuongezewa, lakini hana saa ya kuongezea. Ukiwapa wote wawili fulana na kuwaalika kwenye mbio za Jumamosi, utapata picha nzuri ya uzinduzi na uwanja mtupu Jumamosi ya pili.

Wanariadha wanaorudi kwa kishindo baada ya kujifungua wanalijua hili. Faith Kipyegon alijifungua Juni 2018 na kurudi mashindanoni mwaka mmoja baadaye. Oktoba 2019 akapata fedha ya dunia katika mita 1,500, na mwaka 2023 akavunja rekodi tatu za dunia. Vivian Cheruiyot alijifungua Oktoba 2013, akapumzika msimu mzima wa 2014, kisha akatwaa dhahabu ya mita 10,000 mjini Beijing mwaka 2015. Watu husimulia habari hizi kama za ujasiri wa mtu mmoja. Zisome upya na utakuta muda: hawakuukatisha. Na muda huo mtu haupati kwa kujikaza pekee. Mwaka 2019 ilibidi wanariadha wa Marekani, wakiwemo Alysia Montaño na Allyson Felix, waseme hadharani ndipo Nike ibadilishe mikataba yake, ili mwanariadha asipunguziwe malipo kwa miezi 18 kwa sababu ya ujauzito. Ikiwa bingwa wa dunia anahitaji kifungu cha mkataba ili apate kupona, wa Mutomo atapona kwa hotuba?

Kitui na Makueni hazikosi viwanja wala historia ya mbio. Benson Masya, mzaliwa wa Kitui, ndiye aliyeshinda nusu marathoni ya dunia ilipofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1992. Uwanja wa Ithookwe mjini Kitui uliandaliwa upya kwa sherehe za Mashujaa za Oktoba 2025. Lakini uwanja, hata uwe mzuri vipi, haumshiki mtoto.

Mradi uliofanya kazi kubwa zaidi ya kumrudishia mama wa huku nguvu zake hauna neno mazoezi popote katika nyaraka zake. Ni bwawa la mchanga. Tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL limejenga mamia ya mabwawa hayo Kitui pamoja na wanavijiji, na mashirika mengine yakafanya hivyo Makueni na Machakos. Ukuta wa mawe na saruji unakatizwa mtoni, mafuriko yanajaza mchanga nyuma yake, na maji yanakaa katikati ya chembe za mchanga, mbali na jua, hadi kiangazi. Palipochaguliwa vibaya panajaa tope badala ya mchanga, na ukuta unabaki pambo. Palipochaguliwa vizuri, kwa wanaoishi jirani, safari ya maji inafupika. Kilomita zinazopungua ni kilo ambazo mama wa wiki ya tatu habebi kwa mbali, na ni saa ambayo wa mwezi wa tano anaweza kuitumia apendavyo.

Mabwawa hayo yalijengwa kwa mwethya, kazi ya pamoja ambayo Wakamba, wanawake wakiwa wengi, waliitumia pia kuchimba matuta yaliyookoa udongo wa milima yao. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliandika kitabu kizima mwaka 1994 kuhusu jinsi ardhi ya Machakos, enzi Makueni ilipokuwa bado sehemu yake, ilivyofufuliwa hivyo. Mwethya una kanuni ambayo mradi wa mazoezi unaweza kuiazima bila kuomba ufadhili: leo tunafanya kwako, kesho kwangu. Wanawake watano waliojifungua mwaka mmoja, wawili wakibaki na watoto wote huku watatu wakitoka, kisha wakabadilishana, wamekwisha kutatua jambo ambalo uwanja haulitatui.

Makueni ina kitu kingine cha kuazima. Mikutano ya bajeti huanzia kijijini na kupanda ngazi hadi kaunti, na kamati ya wananchi hukagua mradi na kuweka sahihi kabla mkandarasi hajalipwa. Weka kwenye kamati hiyo mama mwenye mtoto wa miezi minne, na mkutano ufanyike saa anayoweza kufika. Atauliza choo kiko wapi, taa zinawaka saa ngapi, kivuli cha kumlaza mtoto kiko upande gani. Nao wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya vifaa tangu Septemba 2023 huingia nyumbani kwa mama, mahali ambapo hakuna benchi iliyojaa nyuma yake. Swali la kikohozi na mkojo wanaweza kuliuliza wao, na vipimo vile vinne vya wiki ya 12 vinafanyika uani kwa muda usiofika saa moja.

Kaunti ikitaka kujua kama mpango wake umefaulu, isihesabu fulana za siku ya uzinduzi. Miezi sita baada ya kujifungua, iwatafute wanawake wale wale na kuwauliza mambo mawili: nani alikuwa akichota maji wiki sita za kwanza, na nani anabaki na mtoto unapotoka kukimbia? Mama akijibu kwamba ni yeye mwenyewe kwa yote mawili, mradi ungali kwenye karatasi, hata kama bajeti imekwisha.