Asili ya Taabu za Mji wa Kakamega na Dawa Yake

Mji wa Kakamega, ulio makao makuu ya kaunti yenye watu 1,867,579 kwa hesabu ya mwaka 2019, hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kila mwaka, na mto Isiukhu hupita kandoni mwake; walakini katika mitaa yake mingi mtu aghalabu hufungua mfereji asipate hata tone, akalazimika kumtuma mtoto chemchemini na mtungi wa lita 20. Mji uliojaliwa mvua nyingi namna hii ukiona kiu, ni dhahiri kwamba ulichopungukiwa ni tadbiri, na upungufu huo una asili yake.

Kakamega ilianza kama boma la serikali ya kikoloni, makao ya wilaya yalipohamishwa kutoka Mumias mnamo mwaka 1920. Mwaka 1931 dhahabu ilipatikana, na Wazungu kwa mamia wakamiminika na sururu zao. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imewaahidi wenyeji kwamba ardhi yao ikitwaliwa watapewa nyingine badala yake, na baraza lao litatakwa shauri kwanza. Lakini Desemba 1932 sheria hiyo ikageuzwa kwa ajili ya wachimbaji, na ahadi zote mbili zikaondolewa. Mgodi wa dhahabu wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, na leo jina lake ni la mtaa. Lakini desturi ya kuupanga mji kwa ajili ya ofisi, pasipo kuwauliza wenye mashamba yanayouzunguka, haikufungwa pamoja nao. Uhuru ulipokuja, mji ukawa makao ya Mkoa wa Magharibi. Mwaka 2007 ukapata Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Mwaka 2013 ukawa makao ya serikali ya kaunti. Kila cheo kilileta watu, na watu walikuja kwa kasi ambayo mabomba na barabara havikuweza kuifuata.

Watu hao wakaenda kukaa wapi? Walikwenda pembezoni, penye ardhi ya urithi, ambako baba huwagawia wanawe, na mwana mwenye shida huuza ploti ya futi hamsini kwa mia, na mnunuzi hujenga nyumba yake, huchimba choo chake cha shimo, na kuacha kinjia ambacho bodaboda hupita kwa taabu. Mtaa wa Kefinco ungali una jina la mradi wa maji wa Kenya na Ufini wa miaka ya 1980, ambao katika mkoa huu ulijengea chemchemi nyingi kuta za saruji na kuzitilia bomba. Ukisimama leo mbele ya chemchemi ya namna hiyo, utaona maji yanatoka meupe na baridi, na kina mama wamepanga foleni ya mitungi tangu alfajiri. Kisha inua macho juu kidogo ya mteremko, uone vyoo vya nyumba za kupangisha vilivyochimbwa hatua chache kutoka penye jicho la maji. Mvua ikinyesha, uchafu wa juu hushuka chini, na maradhi ya tumbo huingia nyumbani ndani ya mtungi ule ule.

Taabu nyingine ni ya riziki: kiwanda cha sukari cha Mumias, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1973, kilitiwa chini ya mrasimu mwaka 2019, na vijana wengi waliotegemea miwa hawana amali ila bodaboda na uchuuzi wa barabarani.

Sheria ya miji, kama ilivyorekebishwa mwaka 2019, yataka watu 250,000 kabla ya mji kuitwa jiji. Lakini kabla Kakamega haijatamani cheo hicho, rai yangu ni kwamba mabomba yatangulie. Kwanza, kila chemchemi iwekewe mpaka ambao choo hakichimbwi ndani yake, na pale mfereji wa majitaka usipofika, pawe na magari ya kunyonya na mahali halali pa kumwaga. Pili, kaunti, ambayo Sheria ya Mipango ya mwaka 2019 imeipa mamlaka ya kuidhinisha ugawaji wa ardhi, isiidhinishe ploti isiyo na njia ya gari. Tatu, wenyeji waulizwe kwa insafu kabla ya jambo kukatwa, hususan sasa ambapo dhahabu inatafutwa tena huko Isulu na Bushiangala katika kaunti hii, ili yaliyowapata babu zao mwaka 1932 yasiwapate wajukuu.

Nasi tulio ughaibuni tuna sehemu yetu, maana nyumba nyingi za pembezoni zimejengwa kwa fedha zetu. Basi ndugu yangu, kabla ya kutuma fedha za ukuta na geti, muulize mjomba anayekusimamia ujenzi mambo mawili: chemchemi iko umbali gani na choo, na gari la kunyonya majitaka litapita wapi. Asipokuwa na jibu, zuia fedha mpaka wewe na majirani mkubaliane kila mmoja kutoa kipande cha ardhi yake kwa ajili ya njia.