"Theft", "robbery" na "burglary": visawe visivyobadilishana nafasi

"Wameniibia" ni kauli fupi inayobeba matukio mengi. Yaweza kutamkwa na mchuuzi aliyechomolewa pochi katika msongamano wa daladala, na msafiri aliyetishwa kwa panga akatoa simu yake, na vilevile mwenye nyumba aliyerejea akakuta dirisha limevunjwa na runinga haipo. Msikilizaji wa Kiswahili huwaelewa wote watatu, kwa kuwa mazingira ya mazungumzo hukamilisha yale ambayo kitenzi hakikuyasema. Kauli hiyo inapohamishiwa katika Kiingereza, mfasiri hulazimika kuchagua baina ya "theft", "robbery" na "burglary". Maneno haya aghalabu hufundishwa kama visawe vya "wizi", ilhali kila moja lina masharti yake.

"Theft" ndilo neno pana zaidi. Ni kuchukua mali ya mtu mwingine bila haki, kwa nia ya kumnyima moja kwa moja. Halidai nguvu, silaha wala mlango uliovunjwa. Mchomoaji wa pochi na mfanyakazi anayejichotea fedha za mwajiri wote huingia humo. Kitenzi chake ni "steal".

"Robbery" ni wizi ulioambatana na nguvu au vitisho dhidi ya mtu. Bila mtu wa kutishwa au kushambuliwa hakuna "robbery", hata mali iliyopotea iwe na thamani kubwa namna gani. Kiswahili kina neno linalolikaribia sana, nalo ni "unyang'anyi".

"Burglary" huhusu jengo. Kiini chake ni kuingia mahali pasipo ruhusa kwa nia ya kutenda kosa. Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza, kwa sababu "burglary" si aina ya "theft" kama "robbery" ilivyo. Aliyevunja mlango kwa nia ya kuiba, akashtushwa na mbwa na kukimbia mikono mitupu, hakuiba kitu. Hata hivyo amekwisha kutenda "burglary". Kumwita mtu huyo "thief" kwa tukio hilo ni kumtwisha wizi ambao haukutokea.

Tofauti hizi zina mizizi katika historia. "Theft" na "steal" ni maneno ya asili ya Kiingereza cha kale. "Robbery" na "burglary" yaliingia baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, pale Kifaransa na Kilatini zilipokuwa lugha za utawala na mahakama. Maneno mapya hayakuyafuta ya zamani, bali yaligawana nayo kazi. Ndiyo maana Kiingereza kina jozi nyingi za maneno yanayoonekana kuwa sawa, ambapo la asili hubaki na maana pana na la kuazimwa hupewa maana finyu ya kitaalamu.

Tofauti ya pili ni ya kisarufi. Kila kitenzi huchagua yambwa yake. "Steal" huchukua kitu kilichoibwa, "rob" huchukua mtu au taasisi iliyoibiwa, na "burgle" huchukua jengo. Kwa hiyo husemwa "they stole my phone", "they robbed me" na "they burgled the house". Kiswahili hufuata njia nyingine. Kitenzi "iba" huchukua kitu, na kikiongezewa kiambishi cha kutendea kuwa "ibia" hupokea mtu. "Simu iliibwa" na "niliibiwa simu" ni sentensi sahihi zote mbili, na mzungumzaji hubadili kiambishi tu.

Kutokana na utaratibu huo huzaliwa kosa linalosikika mara kwa mara Afrika Mashariki: "I was stolen my phone". Mzungumzaji amehamisha "niliibiwa" neno kwa neno, wakati "steal" haina umbo la kutendea. Kwa sikio la Mwingereza, "I was stolen" yakaribia "niliibwa", kana kwamba msemaji mwenyewe ndiye aliyebebwa. Kilicho sahihi ni "my phone was stolen". "I was robbed of my phone" nayo ni sentensi sahihi kisarufi, lakini inadai kwamba palikuwa na nguvu au vitisho. Anayekimbilia "rob" ili kukwepa kosa la sarufi huenda akaangukia kosa la maana.

Uzito wa kosa hilo huonekana wazi katika sheria. Kanuni ya Adhabu ya Kenya huweka kifungo kisichozidi miaka 3 kwa wizi wa kawaida, na miaka 10 kwa "burglary". Kwa "robbery with violence", kosa ambalo vyombo vya habari vya Kiswahili huliita wizi wa mabavu, sheria hiyo imeweka adhabu ya kifo. Nchini Tanzania, mabadiliko ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kabla ya hapo, shahidi katika mahakama zilizo juu ya Mahakama ya Mwanzo aliweza kueleza kisa chake kwa Kiswahili, na maneno yake yakaingia katika kumbukumbu kwa Kiingereza. Baina ya "wameniibia" ya shahidi na neno lililoandikwa palikuwa na uamuzi wa mtu.

Aidha, neno moja laweza kubadilika likivuka mpaka. Nchini Kenya, kuvunja na kuingia katika makazi ya watu huitwa "burglary" pale tu kunapotendeka usiku, na sheria hutaja usiku kuwa kuanzia saa 12:30 jioni hadi saa 12:30 asubuhi. Mchana tendo hilo huitwa "housebreaking". Nchini Uingereza, sheria ya wizi ya mwaka 1968 haikuweka sharti la usiku wala la kuvunja. Kuingia bila ruhusa kwa nia ya kuiba kunatosha.

Mpaka baina ya "theft" na "robbery" pia waweza kuwa mwembamba. Mwaka 2012, Mahakama Kuu ya Uingereza na Wales ilishughulikia shauri la mtu aliyekwapuliwa sigara kutoka vidoleni bila kuguswa mwilini. Mahakama iliona kwamba hilo lilikuwa "theft", si "robbery", kwa sababu nguvu haikutumika dhidi ya mtu. Anayefasiri "kukwapua" akumbuke shauri hilo kabla ya kuandika neno zito.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili kina upungufu wa msamiati. Lugha hii ina kupora, kunyang'anya, kukwapua, kuchomoa na kudokoa, na kila kitenzi huchora namna ya kuchukua. Tofauti ni kwamba Mswahili ana uhuru wa kusema "kuiba" pasipo kufafanua zaidi. Isitoshe, Waingereza wenyewe hulegeza mipaka katika mazungumzo: mtu aliyevunjiwa nyumba huweza kulia "we've been robbed" bila kukosolewa na jirani. Ulegevu huo hauna madhara barazani, ila hauna nafasi katika taarifa ya polisi, dai la bima au habari ya gazeti.

Kwa mfasiri, maswali matatu yatatosha katika hali nyingi. Je, mtu alitishwa au alitumiwa nguvu? Ikiwa ndiyo, neno ni "robbery". Je, mtendaji aliingia katika jengo bila ruhusa kwa nia ya kutenda kosa? Hapo "burglary" hustahili, mradi masharti ya nchi husika yametimia. Je, mali ilichukuliwa bila mambo hayo mawili? Basi ni "theft". Matukio mengine hubeba zaidi ya jina moja, kama vile kuvamia nyumba na kumtisha aliyemo.

Na pale msemaji aliposema "wameniibia" pasipo kueleza zaidi, mfasiri aandike "they stole from me" na kuishia hapo. Tafsiri hiyo huhifadhi kile kilichosemwa na kukiacha kisichosemwa kibaki hivyo. Kuongeza ukali kwa huruma ya aliyeibiwa, au kuupunguza kwa huruma ya mshtakiwa, ni kutoa ushahidi ambao hakuna aliyeapa kuutoa.