Oka Mboga, Linda Macho ya Mtoto

Je, mtoto wako hujikwaa giza linapoingia? Huenda amepungukiwa na vitamini A. Mpeleke zahanati upesi. Upungufu huo ukizidi huleta upofu.

Boga, karoti na viazi vitamu vya rangi ya chungwa huupa mwili vitamini hiyo. Vioshe, uvikate vipande. Changanya na kitunguu, chumvi kidogo na vijiko 2 vya mafuta. Usiache mafuta, kwani ndiyo huusaidia mwili kuipokea vitamini A.

Bandika sufuria juu ya makaa machache. Funika, kisha weka makaa mengine juu ya mfuniko. Mboga zikilainika, nyunyizia majani mabichi ya giligilani. Mpe mtoto mara kwa mara, si siku ya sikukuu tu.