Je, Wajua? Chombo Hiki Kilitoka kwa Nani?

Je, wajua kwamba Februari 1939 Wayahudi wa Ujerumani waliamriwa kupeleka vyombo vyao vya fedha, kuanzia vijiko hadi vinara, kwenye nyumba za rehani za serikali? Vingi viliyeyushwa. Vingine viliingia makumbusho, ile ya sanaa na ufundi ya Hamburg ikiwemo.

Je, wajua jinsi mwenye chombo anavyosakwa? Mtafiti hukipindua chombo kwanza. Chini yake mna namba, muhuri, pengine kipande cha karatasi ya mnada. Kisha hufungua daftari la mapokezi: nani alileta, lini, kwa bei gani. Kurasa za 1933 hadi 1945, miaka ya utawala wa Wanazi, husomwa kwa jicho kali.

Je, wajua kwamba mwaka 1998 nchi 44 zilikubaliana mjini Washington kutafuta sanaa iliyoporwa na Wanazi? Yalikuwa makubaliano tu, wala si sheria.

Je, wajua kwamba kituo cha Ujerumani kinachofadhili utafiti huo, kilichopo Magdeburg, tangu 2019 kinagharamia pia utafiti wa vitu vya enzi za ukoloni? Hapo ndipo habari inapotufikia sisi. Makumbusho ya Ethnolojia ya Berlin ina takriban vitu 10,000 kutoka Tanzania. Mwaka 1889 serikali ya Ujerumani iliamua kwamba vitakavyokusanywa kwenye makoloni na misafara iliyogharamiwa na dola vifikie Berlin kwanza. Wakusanyaji wengi walikuwa maofisa wa jeshi, kwa hiyo anayetaka kujua asili ya ngao asome na taarifa za vita.

Je, wajua kwamba ofisa wa Kijerumani Tom von Prince, aliyevamia boma la Mtemi Isike kule Tabora Januari 1893 (Isike akajilipua kwa baruti asikamatwe), ndiye pia aliyemwinda Mkwawa, mtawala wa Wahehe? Fuvu la Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani, lilidaiwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919. Lilirudi 1954, baada ya Gavana Twining wa Tanganyika kulichagua Bremen kwa kupima mafuvu. Kama ni lenyewe, ubishi haujaisha.

Je, wajua kwamba picha moja inaweza kushinda daftari? Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha Mzee Kalume Mwakiru, pwani ya Kenya, mbele ya vigango viwili, nguzo za mbao zilizochongwa kuwakumbuka ndugu zake marehemu. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Kimoja kilionekana kwenye makumbusho ya chuo kikuu huko Illinois, Marekani, kingine Virginia. Vyote vilirejeshwa kwa familia mwaka 2007. Mzee alikuwa ameshafariki.

Na vile 30 vilivyorudishwa na makumbusho ya Denver? Vilipotua Nairobi mwaka 2019, vilikwama uwanja wa ndege kwa kudaiwa ushuru wa forodha.